Pete Iliyookotwa Majini Ni ya Nani?

Mwalimu mmoja wa huku Kilakala alitujia jioni moja na kikaratasi mkononi, na ndani ya kikaratasi mlikuwa na pete. Akatueleza habari yake, nasi twaiandika hapa, wapenzi wasomaji, kwa kuwa twadhani waalimu wengine nao wataulizwa jambo lilo hilo, na jibu lake si jepesi kama lionekanavyo.

Habari ni hii. Mama mmoja wa usharika alishuka kijitoni kufua nguo. Maji yashukayo kutoka milima ya Uluguru ni ya baridi hata wakati wa jua kali. Na kidole kikipata baridi hunywea, na sabuni hukitelezesha. Basi pete aliyovikwa siku ya ndoa yake ilimtoka, naye hakujua mpaka alipokuwa akianika nguo nyumbani. Walitafuta siku tatu, yeye na watoto wake, wakipepeta mchanga kwa ungo, wakapata vipande ving'aavyo vya ulanga, ule ambao milima hii ilichimbwa kwa ajili yake tangu siku za Wadachi. Pete hawakuiona. Siku ya nne wakaacha.

Ndipo alipotokea kijana wa usharika uo huo, aliyerudi kutoka machimbo ya dhahabu na mashine ya kutambua madini, ile ambayo wachimbaji huiita detekta. Akasema, "Mama, nionyeshe mahali ulipoinama." Akaingia majini, akaizamisha sahani ya mashine yake, akaanza kuipitisha polepole juu ya mchanga. Kwa muda wa saa mbili alitoa misumari, vifuniko vya chupa za soda, mkono wa sufuria, na sarafu moja ya heller ya Kidachi yenye tundu katikati. Kisha akatoa pete. Mama akapiga vigelegele, akaipokea, akaitazama, akamrudishia. Haikuwa yake. Yake ilipatikana kesho yake, hatua sita chini ya pale, nyuma ya jiwe kubwa. Nayo ilimrudia, watu wakafurahi. Lakini ile ya kwanza ilibaki bila mtu. Ni ya dhahabu, imekuwa nyembamba kwa kuvaliwa miaka mingi, na ndani yake mmechorwa herufi na mwaka. Kijana akamwuliza mwalimu: "Je, hii si yangu?"

Kabla ya kumjibu ilitupasa kujua mashine hiyo yafanya nini, maana wako waidhaniao kuwa ni uganga. Si uganga. Ndani ya sahani yake mna waya uliozungushwa mara nyingi, na umeme upitao humo wageuka-geuka upesi sana, ukifanya nguvu ya sumaku kuizunguka sahani. Nguvu hiyo ikikutana na madini huamsha ndani yake umeme mdogo, na umeme huo mdogo hutoa sumaku yake yenyewe iliyo dhaifu, nayo mashine huisikia na kulia. Alexander Graham Bell, mtu ajulikanaye sana kwa habari ya simu, alikitumia chombo cha namna hiyo mwaka 1881 ili kuitafuta risasi mwilini mwa Rais Garfield wa Marekani. Hakuipata, na rais akafa. Moja ya sababu zisemwazo ni kwamba kitanda alicholazwa kilikuwa na springi za chuma. Chombo kilisema kweli, ila kilisema habari za kitanda.

Na chini ya maji kazi ni ngumu zaidi, hasa baharini, kwa kuwa maji ya chumvi hupitisha umeme, na mashine nyingine huililia bahari yenyewe. Kwa hiyo wazamiaji wengi hutumia mashine zitoazo nguvu kwa mapigo mafupi mafupi. Hizo huivumilia chumvi, lakini hazipambanui vema chuma na dhahabu. Ziko nyingine zipambanuazo, walakini hata kwazo pete nyembamba na kipande cha alumini huweza kulia karibu sauti moja. Pete ndogo iliyofukiwa shibiri moja au zaidi kidogo huwa vigumu kuisikia. Na dhahabu ni nzito mno. Ile iliyo safi huwa na uzito wa maji mara 19. Hushuka katika mchanga mpaka ikutane na kitu kigumu, na mtoni hukaa nyuma ya mawe, mahali ambapo mkondo umechoka. Ajuaye hayo hupata. Asiyejua hurudi na misumari.

Hapa Morogoro tunao wengine watafutao yaliyofichwa, nao ni panya. Katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo shirika la APOPO hufundisha panya buku kunusa mabomu yaliyozikwa ardhini. Mmoja wao, aitwaye Magawa, mzaliwa wa Tanzania, alipelekwa Kambodia mwaka 2016. Akapewa nishani ya dhahabu mwaka 2020, naye akafa Januari 2022, akiwa amekwisha kugundua mabomu na vitu vya kulipuka zaidi ya 100. Sababu ya kumtumia panya ni kwamba mashine huulilia kila msumari, bali panya hunusa baruti peke yake na kuacha vyuma vingine. Twayataja hayo kwa sababu yalitusaidia kufikiri. Mashine yajua madini, panya ajua baruti, lakini hakuna kati yao anusaye mwenye mali. Kazi hiyo yabaki kwetu.

Basi, tulirudie swali. Watu wengi wa mtoni walikwisha kumjibu kijana kabla hajafika kwa mwalimu. Walimwambia ya kuwa kuokota si kuiba. Mto ulichukua, na mto umetoa. Wala neno hilo si la kijinga kabisa. Hata Kanuni ya Adhabu ya nchi yetu, ielezapo wizi, yasema kwa maana hii: mtu aliyeokota kitu kilichopotea na kukitumia kama chake hahesabiwi kuwa mdanganyifu, ikiwa wakati ule hamjui mwenyewe, na ikiwa anaamini kwa sababu za haki kwamba mwenyewe hawezi kupatikana. Yatazameni vizuri maneno hayo, "kwa sababu za haki." Haitoshi mtu kujifumba macho na kusema, "Sikujua."

Na hapo ndipo twaona tofauti kati ya mtu ajikwaaye na mtu atafutaye. Mwanamke aendaye kuteka maji, mguu wake ukagusa pete, hakumwazia mtu yeyote. Pete yamjia kama mvua. Lakini mwenye mashine huchagua mahali. Huko Dar es Salaam, atakaye kuokota vito haendi ufuo usio na watu. Huenda pale watu waogeleapo siku za sikukuu, naye huenda asubuhi ya pili yake, mchanga ungali una nyayo. Aenda kwa kuwa watu walikuwako. Kila hatua aipigayo yaongozwa na wazo la mtu fulani aliyeingia majini na pete akatoka bila pete. Je, mtu huyo aweza kusema kwamba mwenye mali hakumjia moyoni? Amekuwa akimfuata tangu alfajiri! Basi twasema kwamba atafutaye kwa kusudi ana deni kubwa kuliko ajikwaaye, ijapokuwa amefanya kazi zaidi. Kijana hakupendezwa na neno hili. Alisema, "Ndiyo kusema kwamba mvivu ana haki kuliko mimi?" Tulikaa kimya kitambo, maana ni swali zuri. Kazi yampa haki ya ujira, lakini haimpi haki ya kitu chenyewe. Fundi aliyetengeneza saa ya mtu siku kutwa hairudi nayo kwake.

Akatujibu tena, naye kijana huyu amesoma: Je, ule mfano wa hazina iliyofichwa shambani? Yule mtu aliiona, akaificha tena, akanyamaza, akaenda kulinunua shamba. Hatuwezi kukana kwamba mfano huo umewatatiza wengi. Lakini Bwana hakuutoa ili kutufundisha sheria za mashamba, kama vile mfano wa wakili asiye mwaminifu haukutolewa ili watumishi wajifunze kupunguza hati za deni. Wasema habari za furaha, na bei. Na hata tukiutwaa kama ulivyo, mtu yule aliuza vyote alivyo navyo ndipo akapata. Kijana wetu ametoa jasho la saa mbili.

Neno lililo zito kuliko hayo ni habari ya kukata tamaa. Mwenye pete ile ameacha kutafuta, labda zamani sana. Wako wanavyuoni wa Kiyahudi wa kale waliohukumu kwamba kitu kilichochukuliwa na gharika ya mto au na bahari ni halali ya mwokotaji, kwa kuwa kimewapotea watu wote, si mwenyewe peke yake. Hukumu hiyo ina nguvu, nasi hatuidharau. Majirani zetu Waislamu wana desturi nyingine: mwokotaji wa kitu chenye thamani hukitangaza mwaka mzima, huku akiwauliza wajao alama zake. Twaiona desturi hiyo kuwa njema sana, na haitudhuru kujifunza kwa jirani.

Lakini fikirini: mtu akata tamaa kwa sababu gani? Kwa kuwa haiwezekani. Yule mama wa kwanza alipoacha siku ya nne, hakumwambia mtu, "Atakayeiona na iwe yake." Alisema tu moyoni, "Haionekani tena." Kukata tamaa kwake kulitokana na kutojua kwamba nyumba ya nne kutoka kwake kulikuwa na kijana mwenye mashine. Laiti angalijua, asingaliacha. Basi zamani maji yalipowashinda watu wote, ilikuwa haki kusema mambo yamekwisha. Sasa mashine imeingia, na maji hayana tena neno la mwisho. Mwenye kuishika mashine ndiye aliyeivunja ile sababu ya kukata tamaa. Awezaje kujitajirisha kwa tamaa iliyokatika kwa sababu ambayo yeye mwenyewe aijua kuwa si kweli? Tena kukata tamaa si kutoa. Mtu aweza kuacha kutafuta, asiache kuhuzunika.

Katika kitabu cha pili cha Wafalme iko habari ya shoka lililoanguka mtoni, na wasomaji wetu waijua. Yule mtu alilia kwa sababu lilikuwa la kuazima. Hakulia kwa ajili ya hasara yake, bali kwa ajili ya mwenye shoka. Na Elisha alimwuliza kwanza mahali lilipoangukia. Hata leo ndivyo aanzavyo kila mtafutaji mwema, maana mashine iliyo bora haifai kitu bila ushuhuda wa mtu aliyepotewa.

Si kila kilicho majini kimepotea, walakini. Vingine vimetiwa kwa makusudi. Katika milima yetu watu wa zamani walikuwa na mahali pa matambiko. Pango la Kolelo lilijulikana mbali sana, watu wakaliendea kuomba mvua. Kitu alichokiweka mtu mahali pa namna hiyo hakikumponyoka. Sisi hatushiriki matambiko, lakini hatuoni kwamba kutoshiriki kwatupa ruhusa ya kuchukua. Vijana wengine wa Kikristo wamekosa hapa, wakijidhania wapiga vita sanamu, kumbe ni mikono yao tu iliyowasha. Na vingine vimezamishwa ili virudi. Meli ya Wadachi katika ziwa Tanganyika ilizamishwa na watu wake wenyewe mwaka 1916, mitambo yake imepakwa mafuta mazito isile kutu, kwa tumaini la kuizamua siku moja. Waingereza ndio walioiinua, mwaka 1924, na mwaka 1927 ikasafiri tena kwa jina la Liemba. Hayo ni mambo ya vita, nayo vita ina hesabu zake. Na vile vya kale kabisa, ambavyo wenyewe hawajulikani tena, ni vya wote: merikebu ya Kireno Santo António de Tanná ilizama mbele ya ngome ya Mombasa mwaka 1697, na wazamiaji walioifanyia kazi kati ya mwaka 1977 na 1980 hawakugawana vyombo vyake, viliwekwa katika nyumba ya makumbusho ya ngome ile. Hapa Tanzania iko Sheria ya Mambo ya Kale tangu mwaka 1964, nayo hairuhusu mtu kuchimba mahali pa kale bila kibali.

Vya waliokufa majini twavitaja kwa hofu. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya Bukoba ilizama karibu na Mwanza, wakafa watu mamia. Katika misiba ya namna ile pete na mkufu huwa vyasema badala ya kinywa, maana uso ukiharibika na maji, mjane humtambua mumewe kwa kidole. Avuaye pete hiyo hakuiba dhahabu tu. Amemnyang'anya maiti jina lake.

Sasa habari ya ujira. Yule mama alimpa kijana fedha kidogo na jogoo, naye alipokea. Tena alifanya vema kupokea. Twajua wengine wasemao kwamba Mkristo hana budi kusaidia bure. Mashine ilinunuliwa, betri zina bei, na maji ya Uluguru huumiza miguu. Lakini ujira na upatanwe kabla mtu hajalowa, si baada ya pete kuonekana. Anayeishika pete mkononi akasema, "Nipe nusu ya thamani yake, usiponipa sikupi," huyo haombi ujira wa kutafuta, auza pete kwa mwenyewe. Tofauti ni ya dakika chache tu, nayo ni kubwa.

Na yatupasa kuonya jambo jingine, kwa kuwa mashine hizi zimeleta na hila. Tangu majeshi ya Kiingereza yalipoingia Morogoro mwezi wa Agosti 1916 na Wadachi wakaondoka kuelekea kusini, watu hawakuacha kusema kwamba Wadachi walizika mali. Hadithi hizo zina mzizi mdogo wa kweli, maana mwaka ule ule serikali yao ilipiga Tabora sarafu za dhahabu za rupia 15 zenye picha ya tembo, nazo leo zatafutwa kwa bei kubwa. Kwa mzizi huo mdogo umeota mti mkubwa wa uongo. Huja mtu na mashine, huipitisha juu ya kaburi la Mdachi au penye msingi wa nyumba yao, nayo yalia, kama ilivyolia juu ya kitanda cha Garfield, naye asema, "Hazina iko hapa, lakini yahitaji mbuzi mweusi na shilingi kadhaa." Watu wameuza mashamba. Kijana wetu mwenyewe alikiri kwamba amekwisha kuitwa mara mbili kwa kazi hiyo, akakataa mara moja. Tulipenda unyofu wake.

Basi tulimjibu nini? Tulimwambia kwamba pete si yake, angalau kwa sasa. Yeye ni mtunzaji wake. Aitangaze kanisani, na sokoni, na kwa mwenyekiti wa mtaa, na polisi waandike. Tena tukamwomba mwalimu azungumze na imamu, maana mtoni hufua wote. Aliuliza, "Mpaka lini?" Tukasema mwaka mmoja. "Na mwaka ukiisha?" Hapo hatukupatana. Wawili kati yetu walisema na iwe yake, kwa kuwa amefanya yote yaliyompasa; mmoja alisema iuzwe, fedha wapewe wajane; na mwalimu alisema kitu kilichochorwa jina la mtu hakiwi cha mwingine hata miaka ikipita. Twawaachia wasomaji walipime, na wenye neno watuandikie. Wala tusisahau Amri ya Saba na maelezo yake katika Katekisimo Ndogo, ambayo hayaishii katika kutokuchukua, bali yatutaka tumsaidie jirani kuilinda mali yake. Mali iliyo majini ni ya kulindwa nayo.

Mpaka leo mabibi watatu wamekwisha kuja. Wa kwanza alitaja herufi zisizo zake, akaondoka upesi. Wa pili hakukumbuka mwaka. Wa tatu ni bibi mzee aliyetembea kwa miguu kutoka Bigwa na fimbo yake; pete yake ilichukuliwa na maji ya masika, wakati watoto wake, ambao sasa wana wajukuu, walipokuwa wachanga. Aliitazama ile pete dirishani penye mwanga, akasema, "Siyo, wanangu." Lakini hakuirudisha mara moja. Aliishika kitambo, kisha akamwuliza kijana kama mashine yake yaweza kufika mpaka kijito cha kwao. Wamepatana Jumamosi, na ujira wamekwisha kuusema.

Pete ingalipo katika sanduku la mzee wa kanisa. Herufi na mwaka hatuvitaji hapa, kwa sababu iliyo wazi. Aliyepotewa na pete kijitoni Kilakala, yeye au mama yake au bibi yake, na aje aseme kilichoandikwa ndani yake.